Madamu, Ile Haiguni

Alikuwa wa mwisho kutoka. Wenzake walishatawanyika kuelekea bombani, nami nilikuwa nazima kompyuta moja baada ya nyingine kwa sababu luku ilikuwa imebaki na uniti za kuhesabika. Yeye alikuwa bado kwenye kona, karibu na dirisha lenye kioo kilichopasuka, akimalizia swali la Hisabati kwenye programu ya mazoezi. Binti wa Kidato cha Tatu. Darasani hukaa dawati la nyuma kabisa, na kwa mwaka mzima niliomfundisha sikuwahi kuuona mkono wake ukiwa juu.

Nikamuuliza, bila kutegemea jibu kubwa:

"Huku unajibu maswali mpaka unafukuzwa. Kule darasani kuna nini?"

Akachezea kifungo cha sweta. Akatazama chini. Kisha akasema, kwa adabu zake zote, kama mtu aliyeulizwa bei akaitaja:

"Madamu, ile haiguni."

Akachukua begi, akaniaga, akaenda zake.

Hii ni wiki ya saba. Neno lile nimelala nalo na kuamka nalo.

Mmh

Sichapi. Situkani. Katika miaka 14 ya kushika chaki nimejiweka kwenye kundi la walimu wapole, na wapo wazazi waliowahi kunishukuru kwa hilo. Mwanafunzi akija ubaoni akaandika kisicho sawa, mimi huguna tu. Mmh. Kisha namwita mwingine.

Sikuwahi kuuhesabu mguno huo kuwa ni kitu. Hauna neno ndani yake. Lakini darasa lenye watoto zaidi ya 60 linausoma upesi kuliko linavyosoma ubao. Kabla aliyekosea hajaweka chaki chini, kicheko kimeshaanzia madawati ya katikati, na yeye anarudi kwenye kiti chake amejikunyata kama aliyenyeshewa.

Siku iliyofuata niliamua kujichunguza. Kila nilipoguna nilichora kistari kiganjani kwa kalamu. Vilikuwa vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Nilipofika ofisi ya walimu nikakunjua kiganja na kuhesabu.

Vistari 11.

Na hiyo ndiyo siku niliyokuwa nikijizuia.

Nimeutoa wapi? Nadhani najua. Mwalimu wangu wa Hisabati wa Kidato cha Pili aliguna hivyo hivyo, sauti ikishuka mwishoni. Mimi nilikuwa katika wachache ambao hakuwagunia mara nyingi, kwa hiyo niliuchukua mguno kama sehemu ya somo, kama vile rula na bikari. Wale aliowagunia kila siku waliacha kwenda ubaoni. Nilikaa nao darasa moja miaka minne na sikuwahi kuwauliza kwa nini.

Tano, tano, tano

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo hili nilishaulizwa mapema, nami nikalijibu.

Chumba chetu cha kompyuta kilipofunguliwa, mashine 12 zenye masomo na mazoezi ya Hisabati yasiyohitaji intaneti, tuliletewa dodoso la kupima kama wanafunzi wameipokea programu ile. Zilikuwa sentensi fupi fupi, na kwa kila sentensi mtoto anazungushia namba, kuanzia 1 ya kukataa kabisa hadi 5 ya kukubali kabisa. Programu hii ni rahisi kutumia. Programu hii inanisaidia kujifunza. Ningependa kuendelea kuitumia.

Nilizigawa mimi. Nilisimama mbele yao wakijaza. Nilizikusanya mimi.

Tano, tano, tano. Karatasi juu ya karatasi. Nikaandika kwenye ripoti kwamba wanafunzi wameipokea vizuri sana.

Baada ya neno la yule binti nilitafuta chimbuko la sentensi zile. Nyingi zinarudi kwa Fred Davis, mtafiti wa Kimarekani, aliyeandika mwaka 1989 kwamba mtu huamua kutumia chombo kipya kwa mambo mawili: anaona kitamfaa, na anaona hakitamsumbua. Maswali yake aliyajaribu kwa wafanyakazi wa IBM nchini Kanada na kwa wanafunzi wa jioni wa uzamili wa biashara katika Chuo Kikuu cha Boston, watu wazima waliokuwa wakipima barua pepe na programu za kuchora chati. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwemo, wakaongeza msukumo wa watu wanaokuzunguka na mazingira yanayokuwezesha. Kwa miaka yote hii maswali hayo yamekuwa yakisafiri, mpaka yakafika kwenye meza yangu.

Simlaumu Davis. Mfanyakazi wa Toronto akikosea kutuma barua pepe, nyuma yake hakuna watu 60 wanaosubiri kucheka. Alichopima alikipima vizuri. Lawama ni yangu mimi niliyelipokea dodoso lile na kudhani linatosha.

Kuna na jingine. Mtoto wetu amefundishwa kuitikia kabla hajafikiri. Kila siku nikimaliza kufundisha nauliza, "Mmeelewa?" na darasa zima linajibu kwa pamoja, "Ndiyo Madamu!" hata siku ambayo mimi mwenyewe nimeona kwamba hakuna aliyeelewa. Kukataa mbele ya mkubwa ni utovu wa adabu. Dodoso lile lilikuwa "Mmeelewa?" iliyochapwa kwenye karatasi.

Yule binti naye alizungushia tano zote. Haiguni haikuwa kwenye orodha.

Binamu wa kwenye video

Wengi mnamfahamu Salman Khan, yule wa Khan Academy, tovuti ya video za masomo za bure. Mwaka 2004, akiwa Boston, alianza kumfundisha Hisabati binamu yake Nadia aliyekuwa New Orleans. Baadaye akaanza kurekodi video na kuziweka YouTube ili ndugu zake wajisomee. Katika hotuba aliyoitoa TED mwaka 2011 alisimulia kwamba binamu zake walimwambia wanampenda zaidi akiwa YouTube kuliko akiwa nao ana kwa ana.

Niliwahi kuisikia hotuba ile zamani, watu wakacheka, nami nikacheka. Safari hii niliisikiliza tena usiku, watoto wamelala, na sikucheka. Khan mwenyewe alieleza sababu: kwenye video mtu anaweza kusimamisha, kurudia, kurudi kwenye kitu alichopaswa kukijua miaka miwili nyuma, na hakuna wa kuona haya mbele yake. Wala Khan hakuwa mkali kwao. Alikuwa binamu anayewapenda. Hata macho ya anayekupenda yanatosha kumfanya mtoto afiche kwamba hajui hesabu za sehemu.

Mimi ni binamu wa ana kwa ana kwa watoto zaidi ya 60 kwa wakati mmoja. Na naguna.

Majaribio 31

Kuhusu vikwazo vingine nitapita haraka, maana kila anayeandika juu ya aplikesheni za masomo huanza navyo: simu haziruhusiwi shuleni, nyumbani simu janja ni ya baba na inarudi saa tatu usiku, bando limeisha, mama ana kitochi. Vyote ni kweli. Lakini kwenye chumba kile hakuna bando wala simu ya baba, na bado kuna wanaokuja na wasiokuja.

Programu yetu inatunza kumbukumbu. Kila jaribio la kila mwanafunzi linaandikwa, na mwalimu akiingia kwa neno lake la siri anaona nani alijibu nini, mara ngapi, lini alifungua dokezo. Nilikuwa najua hivyo tangu mafunzo ya siku ya kwanza, na sikuwahi kuifungua. Wiki ya tatu, Jumamosi mchana, nikachukua kishikwambi changu, kile tulichogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, nikatafuta jina lake.

Zoezi moja la mpangilio wa matendo. Majaribio 31, katika muda wa wiki mbili.

Swali la kwanza lilikuwa 10 − 4 + 3. Alijibu 3. Kosa. Likaja 15 − 6 + 2. Alijibu 7. Kosa. Likaja 20 − 8 + 5. Alijibu 7 tena. Kosa. Na kuendelea, ukurasa mzima wa rangi nyekundu.

Mguno ulinitoka nikiwa peke yangu sebuleni. Kidato cha Tatu, na hawezi kujumlisha na kutoa?

Nikaweka kishikwambi pembeni, nikarudi kuchambua maharage. Nilikuwa nusu ya ungo niliposimama. Mwanafunzi anayebahatisha hukosea kila upande, leo juu, kesho chini. Huyu alikuwa anakosea kwa utaratibu. Majibu yake yote yalifuata kanuni moja bila kuyumba hata mara moja. Kumi toa saba, tatu. Kumi na tano toa nane, saba. Ishirini toa kumi na tatu, saba. Alikuwa anajumlisha kwanza, halafu ndipo anatoa.

MAGAZIJUTO.

Silabi mbili za mwisho

Kila aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili anaijua. Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Tuliiimba. Wengine tulichapwa kwa kuisahau. Na wengi wetu tulifundishwa kwamba huo ndio mpangilio, hatua kwa hatua, Ju inatangulia To.

Yule binti alikuwa anatii.

Chukua shilingi 10,000. Umetoa 4,000 ya nauli, kisha shangazi amekupa 3,000. Una 9,000, hakuna mtoto wa sokoni atakayekosea hapo. Lakini ukiifuata MAGAZIJUTO herufi kwa herufi, unakusanya nauli na zawadi ya shangazi kwenye fungu moja, saba, halafu unavitoa vyote. Zawadi imegeuka gharama. Unabaki na 3,000. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, hakuna anayemtangulia mwenzake, unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia kama unavyosoma. Hilo linajulikana. Nami nililitaja Kidato cha Kwanza, dakika mbili, nikaendelea na mada nyingine.

Nilitazama tena kumbukumbu zile. Alikuwa amefungua dokezo mara nyingi. Dokezo lilisema sahihi kabisa, kwa Kiingereza, kwamba mtu aanzie kushoto. Akalisoma, akarudi, akajibu kwa MAGAZIJUTO. Programu ilimvumilia mara zote 31 bila kuchoka, na haikuwa na njia ya kujua kwamba msichana huyu amebeba wimbo tangu Darasa la Tano, na kwamba kati ya dokezo la mashine na sauti ya mwalimu wake wa zamani, ataiamini sauti ya mwalimu.

Mimi ningejua. Ningejua kwa kutazama majibu matatu tu, maana wimbo ule ni wangu pia. Lakini kwangu asingefikisha matatu. Angefika moja, ningeguna, angekaa.

Hapo ndipo nilipokwama kwa siku nyingi.

Kiswahili kinapoishia

Nilipokuwa nimekwama nilikumbuka jambo la Tanga. Mwaka 2019 zawadi ya Global Learning XPRIZE, shindano la programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe, dola milioni 10, iligawanywa kati ya washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, baada ya programu za washindani kujaribiwa na karibu watoto 3,000 kwenye vijiji vya mkoa huo kwa miezi kama 15. Walikuwa watoto wadogo, wengi wao hawakuwa wakienda shule. Walipewa vishikwambi vinavyosema Kiswahili, wakaanza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu wa kuwasimamia.

Wale wa Tanga walikosea kwa lugha yao na walisahihishwa kwa lugha yao. Wa kwangu akiingia Kidato cha Kwanza masomo yanahamia Kiingereza, KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) aliyoijua vizuri inageuka herufi nyingine tatu, mlinganyo unapata jina jipya, na kosa lake linabaki Kiswahili. Amelikosa kwa wimbo wa Kiswahili, dokezo linakuja kwa lugha nyingine. Havikutani. Ningetamani siku moja nione programu ya sekondari inayouliza kwa Kiswahili, "Je, umefuata MAGAZIJUTO?" Ni sentensi moja tu. Kuijua inabidi uwe umesoma hapa.

Yule wa kupiga picha

Kuna kijana darasani humo humo ambaye chumba cha kompyuta hakimvutii hata kidogo. Yeye ana aplikesheni nyingine kwenye simu ya kaka yake, ile ambayo unapiga picha swali na jibu linakuja na hatua zake zote. Niliijua siku aliponiletea kazi ya nyumbani ya milinganyo ya kipeo cha pili ikiwa safi kupita kiasi, kwa njia ambayo sijaifundisha.

Nilimwita ofisini nikiwa na hasira. Nikamuuliza kwa nini anajidanganya.

Akajibu akiwa amesimama wima, mikono nyuma:

"Madamu, nikifanya mwenyewe nikakosea unakata maksi. Nikinakili unaweka vema."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kuhusu Mtihani wa Taifa wa Hisabati wa Kidato cha Nne, kwamba pale kuna maswali 14 yote ya lazima, kikokotoo hakiruhusiwi, kuna kile kitabu cha majedwali tu, na kila hatua ionekane kwenye karatasi. Nilimwambia anachokijua tayari, kwamba kwa miaka mingi kati ya watahiniwa watano amefaulu mmoja hivi, na miaka ya karibuni ndipo imesogea hadi robo hivi ya watahiniwa. Akaitikia, "Sawa Madamu." Ile ile.

Ukimpa kijana huyu dodoso, atazungushia tano kwenye aplikesheni yake, na safari hii atakuwa anasema kweli. Ni rahisi na inamfaa. Kwa vipimo vyote ameipokea teknolojia kuliko darasa zima.

Nilipolala usiku ule niliona kwamba yeye na yule binti wanakimbia kitu kimoja. Binti amepata mahali pa kukosea bila kuonwa. Kijana amepata namna ya kutokukosea kabisa. Na mimi ndiye niliyesimama kwenye njia wanayoikimbia.

Nilikuwamo

Sasa lile lililonisumbua kuliko yote.

Aliposema haiguni, alikuwa anaamini kwamba mle ndani hakuna mtu. Kumbe nilikuwamo. Majibu yake 31 ninayo kwenye kishikwambi, saa na tarehe. Siri aliyodhani anayo na mashine, anayo na mimi, na mimi ndiye aliyekuwa ananikimbia.

Ningeweza kunyamaza. Mwenzangu wa Fizikia, ambaye namheshimu, alinishauri hivyo: "Ukiwaambia utawafukuza. Wewe soma makosa yao kimya kimya, fundisha vizuri zaidi, kila mtu anafaidika." Nilimwelewa. Daktari haoneshi kila karatasi. Kwa wiki mbili nilifuata ushauri wake, nikawa nafungua kumbukumbu kila jioni, na kweli nilijifunza mengi. Niliona kwamba watoto watano wanatumia wimbo ule ule kwa namna ile ile. Niliona kwamba mmoja ambaye huwa namsifu hajui kabisa namba hasi, huwa anasubiri jirani.

Lakini kila nilipokutana na yule binti kwenye uwanja wa shule akanipa shikamoo, niliitikia nikiwa nimebana kitu kifuani. Nilikuwa namjua kwa namna ambayo hakuniruhusu.

Wiki ya tano niliwaambia. Alhamisi, kabla hawajawasha mashine. Niliwaeleza kwamba kila wanachojibu kinaandikwa na mwalimu anaweza kukiona, kwamba nimeshakiona, na kwamba nilipaswa kuwaambia siku ya kwanza. Nikawaambia hakuna maksi itakayotoka humo na hakuna jina nitakalolitaja. Nikawaomba radhi.

Wakaniangalia. Mmoja akauliza, "Hata usiku wa manane ukiwa kwako unaona?" Nikasema ndiyo.

Jumanne iliyofuata, kati ya 24 wanaokuja kwa zamu mbili, walikuja 7. Kiti cha kwenye kona, karibu na dirisha lililopasuka, kilikuwa kitupu. Alhamisi nacho kitupu.

Mwenzangu wa Fizikia hakusema lolote. Alinipa chai tu.

Nilijiuliza kama ukweli wangu umewanufaisha wao au umenipunguzia mimi mzigo na kuwaongezea wao. Bado najiuliza. Kabla sijasema, binti yule alikuwa na saa mbili kwa wiki za kukosea kwa raha. Baada ya kusema, hana. Huwezi kuliita hilo jambo dogo kwa sababu tu nilikuwa na nia njema.

Ubaoni

Jumanne hii nimeingia darasani na kitu kimoja tu kwenye daftari la maandalizi. Nimeandika ubaoni, kwa herufi kubwa:

20 − 8 + 5 = 7

Nikawaambia: "Aliyefanya hivi hakubahatisha. Ana kanuni. Nataka mnitafutie kanuni yake. Jibu sahihi sitaki kwanza."

Sikutazama dawati la nyuma. Nilikuwa nimejiapiza kutotazama.

Kimya. Kile kimya ambacho kwa miaka 14 nimekuwa nikikijaza mwenyewe kabla hakijafikisha sekunde tano. Nilishika meza kwa mikono miwili. Wa mbele akasema, "Hajui kutoa." Nikasema anajua, ishirini toa kumi na tatu ni saba, ametoa vizuri. Mwingine akasema, "Kapata wapi kumi na tatu?" Minong'ono ikaanza. Nane na tano. Kajumlisha kwanza. Kwa nini kajumlisha kwanza?

Ndipo nikasikia kiti kikisogea nyuma.

Hakunyoosha mkono. Alisimama tu, akaja mbele kupitia katikati ya madawati, akachukua chaki. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Aliyefanya hivi alifuata MAGAZIJUTO," akasema. Akaandika silabi zote tano kwa mstari. Chaki ikakatika, akaokota kipande. "Darasa la Tano tulifundishwa hivyo. Lakini nime..." Akasita. "Lakini ukijaribu mara nyingi unaona To ikitangulia Ju ndipo inakubali."

Akafuta silabi mbili za mwisho kwa kiganja, akazigeuza.

MAGAZITOJU.

Mguno ulishafika kooni. Kitabu hakisemi hivyo. Kitabu kinasema kushoto kwenda kulia, vina cheo sawa, na mimi ndivyo nilivyokuja nimejiandaa kueleza, na mfano wa nauli na shangazi nilikuwa nao tayari. Niliumeza. Sijui kama walioniangalia walidhani nimekunywa mate.

Nikasema, "Haya. Nani anaweza kuivunja?"

Yule kijana wa kupiga picha akawa wa kwanza. "Weka tisa toa tano toa mbili jumlisha nne." Binti akaandika. Tisa toa tano, nne. Toa mbili, mbili. Jumlisha nne, sita. Kijana akahesabu kwa njia ya kitabu, kwa kidole hewani, bila simu. Sita. Akakunja uso. "Weka nyingine. Ishirini toa nane jumlisha tano toa tatu jumlisha moja." Kumi na mbili, na mbili, na moja. Kumi na tano. Akahesabu tena kutoka kushoto, taratibu, midomo ikitikisika. Kumi na tano.

Mimi mwenyewe nilikuwa nahesabu pembeni ya daftari, nikitafuta mfano wa kuiangusha. Sikuupata. Nimeendelea kuutafuta usiku huu kabla ya kuandika haya, na nimeshaona sababu ya kutoupata: ukitoa kwanza, kila alama ya kutoa inakula namba iliyo mbele yake peke yake na haimezi jirani. Na sasa nimegundua kwamba Ga na Zi wala hazikuwa na shida tangu mwanzo. 12 × 6 ÷ 3, ukigawanya kwanza ni 24, ukienda kushoto kwenda kulia ni 24. Kosa lilikuwa kwenye silabi mbili tu. Nimefundisha miaka 14 bila kuliona hilo, na yeye ameliona kwa kukosea mara 31.

Darasani sikuwa nimefika huko. Darasani nilikuwa nimesimama pembeni ya ubao, mdomo nimeufunga, huku dawati la katikati, lile la kicheko, likibishana kama mabano yanabadilisha kitu. Kengele ya mapumziko ikalia. Alikuwa bado ameshika kipande chake cha chaki, na mbele yake kulikuwa na mikono minne juu ikimsubiri yeye achague.